UZI: Pudini ya Krismasi ya Waingereza, Jumapili ya Kukoroga na sarafu ya bahati iliyofichwa ndani

Mwiko_Mrefu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila Novemba swali ni lile lile: ile pudini nyeusi ya Waingereza inapikwaje, na sarafu humo ndani inatafuta nini? Majibu yametawanyika kwenye nyuzi kibao, nayakusanya hapa. Wajuzi ongezeni, penye kosa nyoosheni.

Siku kwanza. Pudini hukorogwa Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio (kipindi cha kanisa cha kungoja Krismasi), Jumapili ambayo huangukia kati ya tarehe 20 na 26 Novemba. Sala ya siku hiyo katika Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza, tangu toleo la 1549, inaanza kwa kumwomba Mungu aziamshe nia za waumini wake, kwa neno lile lile ambalo Mwingereza hulitumia kwa kukoroga chungu. Watu wakatoka kanisani na utani mdomoni, siku ikabaki na jina la Jumapili ya Kukoroga. Jikoni nako siku hiyo ina faida yake: inabakiza wiki nne au tano, muda wa kutosha ukali wa viungo kutulia na matunda kukolea.

Mila zake ni hizi. Kila aliye nyumbani anakoroga, mkubwa kwa mtoto, kwa mwiko wa mbao kwa kumbukumbu ya hori, kutoka mashariki kwenda magharibi kama walivyosafiri Mamajusi. Anayekoroga anatia nia moyoni na haisemi. Viambato vinatakiwa viwe 13, Yesu na mitume 12. Utasoma mahali kwamba hesabu hiyo iliamriwa na Kanisa zama za kati. Hadithi tu hiyo, msihangaike nayo.

Vipimo vya bakuli la lita 1.2, watu 8 hadi 10: zabibu kavu kubwa gramu 150, zabibu kavu nyeupe gramu 150, zabibu kavu ndogo nyeusi gramu 100, mafuta ya figo ya ng'ombe gramu 100, chenga za mkate mweupe gramu 100, unga wa ngano uliokwisha tiwa hamira ya unga (baking powder) gramu 75, sukari nyeusi yenye molasi gramu 150 (sukari guru iliyopondwa inafaa sana), mayai 2, viungo vya kusaga vijiko 2 vya chai, maganda ya machungwa yaliyokolezwa sukari gramu 40, tufaha 1 la kukwangua, lozi zilizokatwa gramu 40, na bia nyeusi mililita 100 ikiongezwa vijiko 2 vya mezani vya brandi. Vinywaji viwili nimevihesabu kimoja ili 13 itimie. Chumvi kidogo na ganda la limau lililokwanguliwa haviingii kwenye hesabu, kila mpishi anaiba hapo.

Usiku wa kuamkia Jumapili loweka zabibu na maganda kwenye bia na brandi. Asubuhi changanya vikavu vyote, tia mafuta, kisha matunda pamoja na maji yake, tufaha, mwisho mayai yaliyopigwa. Inua mwiko, ugonge ukingoni: rojo lidondoke lenyewe, zito, bila kumiminika. Likigoma kudondoka, ongeza bia kijiko kimoja kimoja.

Bakuli lipakwe siagi, na chini lipate kiduara cha karatasi ya kuokea. Jaza, acha sentimita 2 au 3 juu. Funika kwa karatasi ya kuokea iliyopakwa siagi, kisha foili juu yake, zote mbili zikiwa na kunjo moja katikati kwa ajili ya kuumuka. Karatasi lazima itangulie, kwa sababu asidi ya matunda hula foili. Funga kwa kamba chini ya ukingo wa bakuli na uache mpini wa kamba wa kuinulia. Weka kisahani kilichogeuzwa ndani ya sufuria, bakuli juu yake, maji yanayochemka yafike nusu ya bakuli, mfuniko, moto mdogo, saa 8.

Habari ya sarafu namwachia SentiMkongwe, huyo ndiye mwenyewe.

---

Chapati_Tatu

Saa NANE? Gesi ya nani hiyo, mkuu?

---

Mwiko_Mrefu

Ya kwako, ndugu yangu 😄. Saa 4 zinaivisha, hilo sikatai, lakini utapata keki ya mvuke ya rangi ya kahawia. Ule weusi na ladha ya karameli huja kwa sukari na protini kupikana polepole kwa muda mrefu, na kwenye mvuke, ambako joto halizidi nyuzi 100, muda hauna mbadala. Kupaka rangi kwa kuzidisha molasi kunaleta uchungu.

---

SentiMkongwe

Haya, nimeitwa.

Mila hii ilianza kwenye keki ya usiku wa Epifania (sikukuu ya Mamajusi), ile iliyokuwa ikifichwa harage. Aliyelikuta alikuwa mfalme wa karamu. Baadaye mambo hayo yakahamia kwenye pudini ya Krismasi. Sarafu ni utajiri. Pete, mwenye kuipata ataoa au ataolewa. Subana, kile kikofia cha kidole cha fundi cherehani, huonya kwamba utabaki bila mume, ingawa wengine husema ni uwekevu. Kifungo ni ukapera wa mwanamume. Nanga ni kufika bandari salama. Nyumba nyingi siku hizi zimebaki na sarafu peke yake.

Sarafu yenyewe ilikuwa peni 3 ndogo ya fedha, kisha peni 6. Hapa ndipo watu wanapokosea, maana peni 6 si zote sawa:

Za hadi 1919 ni fedha asilimia 92.5. Za 1920 hadi 1946 ni fedha nusu, nusu nyingine ni metali mchanganyiko. Kuanzia 1947 ni shaba na nikeli, hamna fedha hata chembe. Peni 3 ya pembe 12 iliyoanza 1937 ni ya manjano, yaani shaba na zinki; hiyo isikaribie chakula. Pesa ya Uingereza ilihamia hesabu ya kumi kumi (pauni moja ikawa peni 100) Februari 1971, lakini peni 6 iliendelea kutumika hadi 1980, ndiyo maana bado zimejaa kwenye makopo ya bibi zao na bei yake si kubwa.

Ukipata ya kabla ya 1920, hiyo ndiyo. Upana wake ni kama milimita 19, unene mdogo, ukingo una meno. Ioshe kwa maji moto na sabuni, sugua meno hayo kwa mswaki, kisha ichemshe dakika 10. Usitumie dawa ya kung'arishia vyombo vya fedha, inajificha kwenye michoro na si ya kuliwa.

Australia wana hadithi inayofanana. Walibadili pesa yao Februari 1966, sarafu mpya hazikufaa kupikwa, kwa hiyo familia zinatunza peni 3 za zamani kwa ajili ya pudini tu. Mgeni akiipata kwenye kipande chake anapewa sarafu ya kisasa kama fidia, ile ya fedha inarudi kabatini kungoja mwakani.

---

JikoLaMilimani

Shilingi zetu je? Naona watu Nairobi wanatia ya 20.

---

SentiMkongwe

Wasitie. Shilingi 10 na 20 za Kenya zimeunganishwa metali mbili. Metali mbili tofauti zikikaa saa 8 kwenye asidi, chumvi na joto, moja huliwa. Utaona duara la kijani au kijivu kwenye pudini na ladha ya chuma mdomoni.

Na kabla hujauliza: zile shilingi za kale za Afrika Mashariki zenye simba na sura ya mfalme pia hazifai. Zilizotolewa 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu, kilichobaki kwa sehemu kubwa ni shaba. Zinang'aa zikisuguliwa lakini ndani ni shaba. Isitoshe ni pana mno, kisu hakizikosi.

Vile vikopo vya vidude vya bahati vinavyouzwa mtandaoni navyo angalieni. Kikiwa na mhuri wa 925 sawa. Kisicho na mhuri hujui kina risasi au nikeli kiasi gani.

---

BintiUkerewe

Naomba kuuliza wataalamu. Sarafu inatiwa lini, na haizami?

---

Mwiko_Mrefu

Haizami, dada, rojo likiwa zito inavyotakiwa. Ikizama ujue umetia bia nyingi.

Wengi huitia wakati wa kukoroga, hapo watoto wanashuhudia. Mimi nashauri itiwe siku ya kula, baada ya mvuke wa pili (ule wa kuipasha tena siku ya Krismasi), pudini ikiwa imeshapinduliwa kwenye sahani. Toboa kwa ncha ya kisu pembeni, sukuma sarafu iliyofungwa kwenye kipande kidogo cha karatasi ya kuokea, ziba. Sababu ni tatu: metali haikai na asidi mwezi mzima, unajua imo upande gani, na ukitaka kupasha kipande kwenye maikrowevu unajua kipi ni salama. Sarafu ndani ya maikrowevu ni cheche.

Ukiitia mwanzoni, kumbuka pudini itapinduliwa: kilichokuwa juu kwenye bakuli ndicho kitakachokuwa chini sahanini. Iweke sentimita 2 kutoka ukingoni. Ukiiweka katikati, visu vyote vinakutana hapo na mchezo unaisha kwenye kipande cha kwanza.

Tangaza mezani kabla ya mtu kutia kijiko mdomoni. Meno yanavunjika na watoto wanapaliwa. Mtoto wa chini ya miaka 5 kipande chake kivunjwevunjwe na mtu mzima kwanza, au sarafu iwekwe chini ya sahani yake, bahati haina ubaguzi.

---

JikoLaMilimani

Sawa, nimekubali kuhusu sarafu. Nirudi kwenye mvuke, kwa sababu vipimo vya Mwiko_Mrefu ni vya usawa wa bahari.

Nairobi ipo karibu mita 1,800. Maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kwa hiyo saa 8 za London si saa 8 za hapa. Ongeza saa 1 hadi 2. Njia fupi ni presha kuka, lakini ina utaratibu wake. Tia maji yasiyopungua lita 1.5, weka bakuli, funika bila kuweka uzito, acha mvuke utoke dakika 20. Hapo mafuta yanayeyuka na hamira inafanya kazi. Ndipo uweke uzito, presha ya juu, saa 2. Ukiruka zile dakika 20, nje inashika kabla haijaumuka, unapata tofali. Moto ukizima, acha presha ishuke yenyewe. Ukiitoa ghafla pudini huchemka ndani kwa ndani na foili inapasuka.

Kwenye sufuria ya kawaida adui ni maji kuisha. Tia sarafu ya zamani isiyo na kazi, au gololi, chini ya kisahani. Maji yakiwepo inagongagonga. Ikinyamaza kimbia jikoni. Kuongeza ni kwa maji yanayochemka tu. Ya baridi yanasimamisha mvuke, na bakuli la kioo linaweza kupasuka.

---

Mpemba_wa_Wete

Mnazungumza pudini bila kuitaja Pemba?

Mwaka 1927 bodi ya serikali ya Uingereza iliyokuwa ikihimiza watu wanunue bidhaa za himaya ilisambaza mapishi ya pudini kutoka jikoni kwa Mfalme George V. Kila kiambato kiliandikiwa kinakotoka: zabibu za Australia, ramu ya Jamaika, mdalasini wa Ceylon, na karafuu za Zanzibar. Sasa karafuu za Zanzibar sehemu kubwa ni za Pemba, hilo halihitaji mjadala. Yaani pudini ya mfalme ilikuwa tangazo la biashara, na sisi tulikuwemo kama kijiko cha unga mweusi.

Kwa ufundi: katika vile vijiko 2 vya viungo, karafuu isizidi robo kijiko. Ikizidi inatia ganzi ulimi na kuua ladha ya matunda. Mgawo mzuri ni mdalasini kijiko 1, kungumanga nusu kijiko, tangawizi robo, karafuu robo. Sageni siku hiyo hiyo. Karafuu nzuri ukibonyeza kichwa chake kwa ukucha inatoa mafuta, na ukiitia kwenye glasi ya maji inasimama wima. Inayolala juu ya maji imekwisha mafuta.

---

UmmuZahra

Assalaam alaykum. Kwa sisi tunaoishi Uingereza, watoto wanaiona shuleni na wanaitaka. Bila kilevi inawezekana kabisa, ila msibadilishe bia kwa maji matupu.

Chai nyeusi nzito mililita 100, majani vijiko 2 vya chai yaliyokaa dakika 10, na juisi ya chungwa vijiko 2 badala ya brandi. Chai inaleta ule ukavu mdogo ambao bia nyeusi huuleta. Mafuta ya figo nunueni kwa muuza nyama halali, mwambieni awape yale magumu meupe yanayozunguka figo, si mafuta ya mgongoni. Yagandishe kwenye friza, toeni ngozi zake, kwangueni huku mkinyunyizia unga yasishikane. Yale ya pakiti dukani someni maandishi. Yapo ya ng'ombe asiye halali na yapo ya mimea.

Isiyo na kilevi haikai kabatini. Jokofuni wiki 2, friza miezi 3.

---

Chapati_Tatu

Siagi badala ya hayo mafuta ya figo?

---

UmmuZahra

Italika. Ila siagi inayeyuka mapema, unga bado mbichi, inatanda kote na pudini inakuwa nzito na ya kuteleza. Mafuta ya figo yanachelewa kuyeyuka, yanaacha vitundu. Kama huna budi, igandishe siagi, ikwangue kwa kikwangulio kinene na uipeleke kwenye mvuke papo hapo.

---

Aarhus_Kaskazini

Ninyi mnaohofia saa 8, wazo la Denmaki hili hapa. Mkesha wa Krismasi huku wanakula wali wa maziwa uliopozwa, jina lake risalamande, na bahati yake ni lozi moja nzima. Hamna metali, hamna mvuke.

Chemsha mchele mfupi gramu 220 kwenye maji mililita 300 kwa dakika 2 mpaka uyanywe maji. Hatua hii ndiyo inayozuia maziwa kushika chini. Tia maziwa lita 1 na vanila, moto mdogo kabisa, koroga hadi yachemke, funika dakika 35 hadi 40. Basmati haifai, haitoi wanga wa kutosha. Chumvi mwisho. Ulaze jokofuni. Kesho yake tia sukari, lozi zilizomenywa na kukatwakatwa gramu 100 hadi 150, kisha krimu iliyopigwa nusu lita, kwa mkono mwepesi. Wali ukiwa na uvuguvugu krimu inayeyuka na utakunywa uji. Juu unamwagiwa mchuzi moto wa cheri.

Lozi nzima inafichwa mwishoni. Zile nyingine zikatwe vipande vikubwa kiasi, ili anayetafuna asijue mara moja. Aliyeipata anaificha shavuni na kunyamaza, wenzake wanaendelea kula hadi bakuli liishe, ndipo anaitoa na kudai zawadi yake, mara nyingi nguruwe wa lozi zilizosagwa na sukari. Kwa meza ya Waislamu zawadi ikiwa chokoleti hakuna atakayelalamika.

---

BintiUkerewe

Huu mchezo wa shavuni umenimaliza 😂. Swali la mwisho jamani: moto wa buluu unawashwaje? Naona kwenye picha tu.

---

Mwiko_Mrefu

Siku ya Krismasi pudini inarudi kwenye mvuke kwa muda wa saa 2. Ipindue kwenye sahani iliyopashwa moto. Sahani baridi inazima mwali. Brandi mililita 60, ya asilimia 40, ipashe kwenye upawa wa chuma juu ya moto mdogo hadi uone mvuke mwembamba. Isichemke, ikichemka kilevi kimeondoka na kiberiti utakimaliza bure. Zima taa, washa brandi ikiwa ndani ya upawa, mwaga polepole. Usimwage kamwe kutoka kwenye chupa, mwali unaweza kupanda na kuingia humo. Pazia, nywele na mikono mipana ya nguo viwe mbali, na feni izimwe.

Lile tawi la juu lenye matunda mekundu ni pambo tu. Matunda yake ni sumu, yatoeni kabla ya kuwasha na msiwaachie watoto.

Niongezee makosa yanayoulizwa sana. Pudini imelowa juu: karatasi haikubanwa, kamba ilifungwa juu ya ukingo badala ya chini yake. Imevunjika ilipopinduliwa: haikupewa dakika 5 za kutulia, au chenga za mkate zilizidi. Imeota ukungu: ulihifadhi na karatasi ile ile iliyopikiwa. Ikishapoa kabisa, vua karatasi na foili, weka mpya kavu. Kwa walio Dar, Tanga na Mombasa kabatini sahauni, joto na unyevu ni vingi, jokofu. Na yenye ukungu haikwanguliwi, inatupwa.

---

JikoLaMilimani

Peni 6 yangu ya 1918 imetoka nyeusi tii. Imeharibika?

---

SentiMkongwe

Hapana. Salfa ya mayai imeshika fedha, haina madhara. Tandika foili kwenye bakuli, upande unaong'aa juu, lala sarafu iguse foili, nyunyiza magadi soda kijiko 1 cha mezani, mwagia maji yanayochemka. Dakika chache weusi unahamia kwenye foili. Suuza, kausha kwa kitambaa, funga kwenye karatasi kavu. Usiisugue kwa dawa ya meno, inachuna sura ya mfalme.

---

Chapati_Tatu

Na kiporo?

---

UmmuZahra

Kata vipande vya unene wa kidole, kaanga kwa siagi moto wa wastani dakika 3 kila upande hadi pembeni pakauke. Hakikisha sarafu imeshapatikana kwanza.